Utulivu Unapoleta Arosto

Saa 10 jioni. Kazi imekabidhiwa, na hakuna anayedai chochote mpaka kesho. Watu wawili waliobeba mzigo uleule wiki nzima wanakaa chini. Wa kwanza anaegemea, anapiga miayo, na baada ya muda mfupi kichwa kimeinama. Wa pili anatulia dakika tatu, ya nne simu iko mkononi. Anafungua barua pepe ya kazi inayotakiwa mwezi ujao, anakumbuka neno aliloambiwa na shemeji yake juzi, anaandika jibu kali, analifuta, analiandika upya. Ikifika saa 10 na robo moyo unadunda na mabega yamepanda. Mwulize, naye atakujibu kwa dhati kabisa kwamba amechoka na anatamani kupumzika.

Wote wawili walikuwa na msongo. Wa pili peke yake ndiye anayeutafuta ukimwishia.

Hapo ndipo mjadala mwingi kuhusu uraibu wa msongo unapopotea njia. Watu huorodhesha usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, kusahau, tumbo kuvurugika, kisha wanasema hizo ndizo dalili za uraibu. Hizo ni dalili za mzigo. Zinakueleza kwamba umebeba, hazikuelezi kama ungeutua ukipewa nafasi. Mlevi hatambuliwi kwa chupa alizokunywa kwenye sherehe. Anatambuliwa asubuhi ambayo chupa ni tupu. Na mraibu wa msongo vilevile, usimpime siku ya mbio, mpime siku ambayo hakuna kinachomkimbiza.

Kwanza tuliweke sawa neno lenyewe. Uraibu wa msongo si ugonjwa unaotambuliwa rasmi. Haumo katika toleo la 5 la mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, wala katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022. Uraibu wa kamari umo katika zote mbili. Wa michezo ya kompyuta umo katika hiyo ya pili. Hata uchovu wa kupindukia wa kazini, ambao kila mtu huutaja siku hizi, Shirika hilo limeuandika kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa. Kwa hiyo neno uraibu hapa ni miwani ya kutazamia tabia, wala daktari hatakuandikia cheti kwa jina hilo.

Tena ni miwani inayoweza kuumiza. Mama mwenye vibarua viwili na mtoto anayeumwa hajazoea stimu ya msongo, amezidiwa. Kumwambia kwamba amekuwa mraibu ni kumtupia lawama ya hali asiyoichagua. Swali la kuuliza kabla ya lolote ni hili: mzigo ukiondolewa, mtu huyu anakaa, au anazunguka kutafuta mwingine? Ambaye hajawahi kuondolewa mzigo hatuna haki ya kumpa jina lolote.

Mwili unafanya nini

Mwaka 1915 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alieleza namna mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye alichapisha majaribio yake ya panya na kueleza hatua tatu: mwili hushtuka, hukaza, kisha huishiwa. Tangu hapo njia yenyewe imefahamika vizuri. Kitu kikikutisha, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo unaenda mbio, mboni zinatanuka, maumivu yanasahaulika. Adrenalini haikai, dakika chache tu nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Nyuma yake inafuata kotisoli, ambayo huchukua mzunguko mrefu: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi inaiamuru tezi ya pituitari, nayo inaziamuru adrenali. Kotisoli hufika kileleni baada ya dakika 20 hadi 30, na huchukua saa moja au zaidi kupungua nusu.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anayejitafutia kishindo kimoja kila baada ya dakika 40 haruhusu wimbi la kwanza lishuke kabla halijapandiwa na la pili. Ndiyo maana wengi huamini kwamba wao ni watu wa kasi kwa asili. Hawajawahi kujionja wakiwa wametulia.

Sasa kosa linalorudiwa sana: kwamba watu hawa wamelewa kotisoli. Kotisoli haina raha. Kinachowavuta kinafanana zaidi na kazi ya dopamini, kemikali ya ubongo, nayo hueleweka vibaya kwa sababu watu huiita homoni ya furaha. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alipima seli za dopamini katika ubongo wa nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Nyani walipokwisha kujifunza, seli zile ziliwaka ilipotokea ishara ya kwamba maji yanakuja, si maji yenyewe yalipofika. Naye Kent Berridge ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba ubongo una njia moja ya kutaka na nyingine ya kufurahia, na mbili hizo zinaweza kuachana kabisa. Unaweza kukitaka kwa nguvu zote kitu usichokipenda hata kidogo.

Ukilielewa hilo unaacha kumwita mraibu wa msongo mwongo. Anapolalamika kwamba amechoka, amechoka kweli. Anapojipachika kwenye kamati nyingine asiyoihitaji, anaitaka kweli. Hakuna unafiki. Kuna mifumo miwili isiyosemezana.

Lakini dopamini peke yake haitoshi kueleza jambo, na hapa ndipo pana utajiri ambao wengi huupita. Msongo hufanya kazi ya pili: unaziba. Mtu anayekimbizana na saa hasikii huzuni, upweke wala aibu ya zamani. Hana nafasi. Kila anapokimbia na huzuni ikanyamaza, ubongo unaandika kwamba kukimbia ni dawa. Mwaka 2011 Michelle Newman na Sandra Llera walitoa nadharia inayokwenda mbali zaidi. Walisema watu wenye wasiwasi sugu hawaogopi hisia mbaya kama wanavyoogopa *kuporomoka*, yaani kutoka kwenye raha na kuangukia maumivu kwa ghafla. Kwa hiyo wanabaki kwenye wasiwasi makusudi, roho juu muda wote, ili pigo likija lisiwakute wamelegea. Wasiwasi kwao ni kama kulala na viatu. Haustareheshi, ila unakupa hisia kwamba uko tayari.

Ndiyo sababu habari njema huwatia kiwewe watu wa aina hii. Wamepandishwa cheo, na usiku uleule wanatafuta tatizo. Kwao kufurahi ni kupanda mahali pa juu pa kuangukia.

Ukitaka kuona jinsi binadamu wa kawaida anavyoweza kuukimbia ukimya, liko jaribio la Timothy Wilson na wenzake, lililochapishwa mwaka 2014. Watu waliachwa peke yao katika chumba kitupu kwa dakika 15 na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo awali walisema wangelipa fedha ili waiepuke. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake 6 kati ya 24 pia. Hilo halithibitishi uraibu, ila linatuonya tusidhani kwamba kukaa kimya ni jambo linalokuja lenyewe.

Dalili zenyewe

Ya kwanza, na ndiyo inayojificha vizuri kuliko zote, ni kusubiri hadi ukingoni. Kazi ya saa 6 imepewa siku 10, inaanzwa usiku wa tisa. Mwenyewe anasema, "Mimi nafanya vizuri nikiwa na presha." Angejuaje? Hajawahi kuifanya mapema akalinganisha. Anachokijua ni kwamba kwa presha anaweza *kuanza*, na kuanza si kufanya vizuri. Robert Yerkes na John Dodson walionyesha tangu mwaka 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo husaidia kazi rahisi hata ukiwa mkali, bali kazi ngumu huharibika msukumo ukizidi kiasi. Kupanga viti kwa presha ni sawa. Kukokotoa bajeti kwa presha ni kuacha sifuri moja nje. Na kitu cha kwanza kukatwa muda unapokwisha ni kule kupitia kazi mara ya mwisho, ndiko makosa yangekamatwa. Kazi inapokelewa, mtu anapumua, mwili unamimina nafuu, na nafuu hiyo inaandikwa kichwani kama ushindi. Makosa yatagunduliwa baada ya wiki tatu, wakati hakuna tena anayeyahusisha na usiku ule.

Mwangalie pia siku ya kwanza ya likizo. Sándor Ferenczi, daktari wa akili wa Hungaria, aliandika mwaka 1919 kuhusu wagonjwa waliokuwa wazima Jumatatu hadi Jumamosi na kuumwa kila Jumapili. Uchunguzi mmoja mdogo wa watu wenye kipandauso, uliotoka Marekani mwaka 2014, ulikuta kwamba hatari ya kichwa kuanza kuuma ilipanda zaidi msongo *uliposhuka*, hasa ndani ya muda wa saa 6 za mwanzo. Si kila anayeumwa likizoni ni mraibu. Lakini anayeumwa kila likizo, akapona siku anayorudi kazini, ana la kujiuliza.

Nyumbani dalili hubadilika sura. Ugomvi unazuka baada ya siku nzuri, si baada ya siku mbaya. Wikendi imepita salama, watu wamecheka, na Jumapili usiku mmoja anafukua jambo la mwaka juzi. Akishapayuka na kulia na kusameheana, analala fofofo. Mwenzake haelewi kosa lake liko wapi, na kwa kweli hana kosa. Alikuwa kiberiti tu. Watu hawa wakikutana na mchumba mtulivu husema hana mvuto, hana msisimko, "hakuna kitu hapo". Mtulivu hawapi kile kitendawili cha leo ananipenda kesho hanipendi, na malipo yasiyotabirika ndiyo yanayofunga tabia kuliko yote. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona hilo kwa njiwa na panya zamani: anayelipwa mara moja moja bila mpangilio hubonyeza kitufe kwa ukaidi mkubwa kuliko anayelipwa kila mara. Simu inayoweza kuwa na ujumbe mbaya, mzuri au wa bure inatumia kanuni hiyohiyo.

Kuna kuazima mizigo ya wengine pia. Msiba wa mtu wa mbali, ugomvi wa ofisi ya ghorofa ya pili, vita vya maneno mtandaoni kati ya watu asiowajua. Anaubeba kila mmoja na kuusimulia kwa moto. Kuna na lugha: ukimsalimu, jibu ni orodha ya shughuli. Hiyo ni dalili nyepesi, kwa sababu siku hizi kuwa bize ni cheo na wengi wanaigiza tu.

Mwilini tafuta taya zilizokazwa, ulimi ulioganda kwenye paa la kinywa, na pumzi inayobanwa kila ujumbe unapofunguliwa. Tafuta pia kahawa ya jioni. Kafeini hupungua nusu kwa takriban saa 5, ingawa watu hutofautiana. Ukinywa saa 10 jioni, nusu ingalimo saa 3 usiku na robo ingalimo saa 8 usiku. Asubuhi unaamka umechoka, unahitaji kitu cha kukuamsha, na kama kahawa haitoshi, tatizo la kazini litatosha.

Asili ya tabia hii mara nyingi ni ya kale. Mtoto aliyekulia mahali ambapo ukimya ulimaanisha kwamba mtu mzima yuko karibu kulipuka alijifunza jambo sahihi kwa mazingira yale. Utulivu ulikuwa ni ishara ya hatari. Mwili wake bado unaisoma ishara hiyo miaka 30 baadaye, katika nyumba isiyo na mlipukaji. Wengine hawana historia hiyo kabisa. Wamefinyangwa na kazi zinazompigia makofi anayezima moto na kumsahau aliyezuia usiwake. Kiongozi anayelalamika kwamba watumishi wake wanaishi kwa dharura aangalie kwanza ni nani aliyesifiwa kwenye vikao vitatu vya mwisho.

Kuhusu gharama sitakaa sana, zinajulikana. Bruce McEwen na Eliot Stellar walileta mwaka 1993 dhana ya deni ambalo mwili unalimbikiza kwa kujirekebisha bila kukoma: shinikizo la damu, sukari, mafuta ya tumboni, kumbukumbu, kinga. Mraibu wa msongo anazijua. Kuzijua kunampa jambo jipya la kuhofia, na hapo umemwongezea kileo.

Kabla hujajipa jina

Yapo mambo yanayofanana na uraibu huu kumbe ni mengine, na baadhi yana tiba ya moja kwa moja. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya haraka, jasho, kupungua uzito na wahaka usio na sababu. Kipimo cha damu kinaionyesha. Upungufu wa damu huleta moyo kwenda mbio. Mtu mwenye tatizo la umakini tangu utotoni hutumia dharura kama miwani, bila hiyo haoni pa kuanzia, na kumwambia ajifunze kutulia hakumsaidii. Anayelala saa 3 kwa siku kadhaa akajiona ana nguvu za ajabu, anatumia fedha ovyo na kuongea bila kituo, huyo ni wa kumwona daktari wa akili, si wa kupewa mazoezi ya kupumua. Wasiwasi wa kila siku uliodumu miezi 6 kuhusu kila kitu unaweza kuwa ugonjwa wa wasiwasi wenyewe. Aliyepitia tukio la kutisha na bado anashtuka, anaota na kukwepa, naye ana njia yake ya tiba. Maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakielekea mkono au taya, hayana mjadala: nenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukishaondoa hayo, jipime. Chagua siku tatu katika wiki moja, saa ambayo hakuna jambo linalokudai. Simu iwe chumba kingine. Kaa dakika 15 bila kusoma, bila redio, bila kuzungumza. Weka saa ya ukutani mbele yako na karatasi. Andika dakika ambayo wahaka wa kwanza umeingia, na andika *ulikuja na nini*: kazi, ugomvi, fedha, mtu. Usiandike maelezo marefu. Mtu mwenye msongo wa kawaida atawaza pia, lakini mawazo yatapungua nguvu kadiri dakika zinavyokwenda, na pengine atasinzia. Mraibu hupanda. Ikifika dakika ya 10 tatizo moja limezaa matatu, na mkono unauma kwa kutaka kufanya kitu.

Sambamba na hilo weka daftari la wiki mbili lenye safu nne: saa, jambo lililokupandisha, nani alilianzisha, na lingekuwaje kama lingeachwa saa 24. Safu ya tatu ndiyo yenye uchungu, maana inabidi uandike "mimi" kila ulipofungua ujumbe usio wa lazima au kuchokoza swali ulilojua jibu lake. Ukikuta "mimi" ni nusu au zaidi, na safu ya nne imejaa "hakuna kitu", una jibu. Hilo si kipimo cha maabara. Ni kipimo cha kukuzuia usijidanganye.

Kushuka ngazi

Kosa la kwanza la anayetaka kuacha ni kuchukua likizo ndefu ya ghafla. Anatoka kwenye kelele za miezi sita anaingia kwenye ukimya wa wiki nzima, na siku ya pili arosto, yaani mateso ya kukosa alichokizoea, inampiga: mwili mzito, machozi ya karibu, hasira, hisia kwamba kuna kitu amekisahau. Siku ya tatu anaandikia ofisini "kuangalia tu". Anarudi akiamini kwamba mapumziko hayamfai. Dozi ndiyo haikumfaa.

Anza na dakika 3, mara mbili kwa siku, kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili dakika 5, ya tatu 8, ya nne 10. Usiruke hata kama unajiona unaweza. Hamu ya kuruka ni ya ugonjwa uleule. Katika dakika hizo pumua kwa pua, hesabu 4 ukivuta na 6 ukitoa, ambayo ni pumzi 6 kwa dakika. Kosa hapa ni kuvuta hewa nyingi. Ukivuta kwa nguvu unatoa kabonidayoksaidi kupita kiasi, vidole vinaanza kuchoma na kichwa kinazunguka, kisha unaamini unakufa. Pumzi iwe ndogo na ya polepole, kiasi kwamba aliye karibu nawe hasikii.

Baadhi ya watu wakianza kutulia wahaka huongezeka badala ya kupungua. Frederick Heide na Thomas Borkovec waliliandika jambo hilo mwaka 1983, na yeyote anayefundisha utulivu bila kulitaja anawaacha wanafunzi wake wakidhani wameharibika. Ikikutokea, fungua macho, simama, tembea taratibu ukihesabu hatua. Au tumia njia ya Edmund Jacobson ya kukaza na kuachia misuli: kaza ngumi sekunde 5 hadi 7, achia sekunde 20 hadi 30, kisha mikono, mabega, uso, tumbo, miguu. Kwa mraibu wa msongo njia hii mara nyingi inakubalika kuliko kukaa kimya, kwa sababu inampa kazi.

Mawazo yanayokuja usiku yapewe miadi. Borkovec na wenzake walijaribu kuwapa watu wenye wasiwasi nusu saa kila siku, mahali palepale, wakati uleule, ya kuhangaika wawezavyo. Nje ya hapo wazo likija linaandikwa kwa neno moja na kusogezwa hadi miadi. Mahali hapo pasiwe kitandani wala kwenye kiti cha kulia chakula, vinginevyo mwili utajifunza kwamba hapo ndipo pa kuhangaikia. Wengi hushangaa kukuta kwamba ikifika saa yenyewe, nusu ya orodha haina ladha tena.

Kwa wanaosubiri ukingoni, tarehe ya uongo haifanyi kazi. Unaijua kuwa ni ya uongo kwa sababu umeiweka mwenyewe. Kinachofanya kazi ni mtu halisi anayengoja kipande halisi: mwambie mwenzako utampa ukurasa wa kwanza Jumatano, na umruhusu kukuuliza. Siku unayopokea kazi ifanyie dakika 20, hata kama ni kuandika vichwa vya habari na kuorodhesha usivyovijua. Kazi iliyofunguliwa huogopesha kidogo kuliko iliyofungwa. Kisha, mara moja tu, maliza kazi moja siku tatu kabla na uilinganishe na ya usiku wa mwisho. Hesabu makosa katika zote mbili. Hoja ya "nafanya vizuri nikiwa na presha" ijibiwe kwa tarakimu zako mwenyewe.

Ujumbe usomwe mara tatu kwa siku, saa maalum, kama kazi inaruhusu. Kama hairuhusu, tenga angalau njia moja ya dharura ya kweli, yaani kupigiwa, na nyingine zote zinyamaze. Watu huvunjika kwenye "hii moja tu", kwa kuwa ndiyo hasa ile bahati nasibu ya Skinner.

Ugomvi wa siku nzuri nao uwekewe kanuni ya saa 24: jambo lolote la zamani linalokujia wakati nyumba ina amani liandikwe, lisisemwe mpaka kesho saa ileile. La kweli litakuwepo kesho. Mwambie mwenzako kanuni hiyo akiwa ametulia, wala usimfanye askari wake. Akianza kukukumbusha kila saa, mmepata ugomvi mpya.

Na mwili usiachwe bila msisimko kabisa, kwa kuwa haukuumbwa kuwa gogo. Upewe wenye mwanzo na mwisho. Dakika 20 hadi 30 za kutembea kwa kasi, kukimbia, kucheza mpira au kuogelea hupandisha moyo kisha humshusha mtu hadi chini, jambo ambalo ugomvi wa mtandaoni haulifanyi kamwe. Jihadhari na kuugeuza mchezo kuwa mbio nyingine ya kujipima kila asubuhi. Anayelia kwa sababu amekosa mazoezi siku moja amehamisha duka tu.

Wiki ya pili na ya tatu ndizo ngumu. Stimu imeondoka na raha haijafika. Siku zinakuwa bapa, unalala sana, kazi inaweza kushuka kidogo, na marafiki uliokuwa mkikutana kwa ajili ya kulalamika wanakuona umebadilika. Ubapa huo ni wa kawaida. Lakini huzuni nzito au kukosa hamu ya kila kitu kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru yakitokea hata mara moja, hiyo si arosto tena. Ni sababu ya kumwona mtaalamu bila kungoja. Pengine msongo ulikuwa umefunika sonona kwa miaka, na sasa kifuniko kimetoka. Tiba ya kuzungumza inayoshughulikia fikra na tabia inasaidia hapa, na mtaalamu mzuri atauliza mapema msongo ulikuwa unakusaidia usihisi nini.

Wiki ya nane rudia kile kipimo cha dakika 15, siku tatu, kiti kilekile. Usiangalie kama wahaka umekuja, maana utakuja. Linganisha dakika. Kama mwanzo uliingia ya tatu na sasa unaingia ya kumi na moja, na karatasi ina neno moja badala ya matano, endelea na dakika 10 zako za kila siku bila kuongeza kitu. Kama dakika haijasogea, rudi kwenye daftari, fungua safu ya tatu, uhesabu upya zile "mimi".